Namna ya Kujifunza Kifungu Kifupi cha Biblia na Kukiishi: Mfano wa Yakobo 4:13–17

Waumini wengi husoma Biblia kila siku, lakini ukimwuliza mtu jioni alichosoma asubuhi kilihusu nini, mara nyingi anakumbuka mstari mmoja tu uliomgusa, nao ameshauchomoa kutoka mahali pake. Bidii anayo, kinachomponza ni haraka ya kuuliza "Neno hili linaniambia nini mimi?" kabla hajajua liliwaambia nini watu walioandikiwa mara ya kwanza. Mwongozo huu unapendekeza kifungu kimoja kifupi kwa wiki moja, kisomwe kwa subira hadi kimalize hoja yake, ndipo kiletwe kwenye maisha ya nyumbani, kazini na kanisani.

Kwa kuwa maelezo matupu hayafundishi sana, hatua zote zitaonyeshwa kwa kifungu kimoja, Yakobo 4:13–17, na inafaa ukifungue mbele yako unapoendelea. Nukuu zilizomo humu ni za tafsiri ya Union Version, lakini tafsiri yoyote unayoielewa vizuri itakufaa. Mbali na Biblia unahitaji daftari, kalamu, na nusu saa ambayo simu imezimwa.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya kifungu

Chagua mistari michache, tuseme kati ya minne na kumi, inayobeba hoja moja kamili. Usiongozwe na namba peke yake, kwa sababu waandishi wa Biblia hawakuziweka: mgawanyo wa sura tunaoutumia leo kwa kawaida huhusishwa na Stephen Langton, mwanazuoni wa kanisa kutoka Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Robert Estienne katika toleo lake la mwaka 1551. Vichwa vidogo vya habari vilivyochapwa kwa wino mzito navyo ni kazi ya wachapishaji. Vyote hivyo vinasaidia sana kutafuta mahali, ila wakati mwingine hukata mazungumzo katikati.

Mipaka halisi huonekana katika maneno yenyewe. Mstari wa 13 unaanza kwa "Haya basi ninyi msemao", na hapo Yakobo anawageukia watu mahususi. Sura ya 5 inaanza kwa wito unaofanana na huo, "Haya basi, enyi matajiri!", naye anageukia kundi jingine. Mistari mitano iliyo kati ya miito hiyo miwili ndiyo kifungu chetu. Ukiwa katika masimulizi ya Injili, tazama mahali ambapo mandhari, wakati au wahusika wanabadilika. Ukiwa katika zaburi fupi, chukua zaburi nzima.

Hatua ya 2: Omba, kisha soma kwa sauti

Ombi la Zaburi 119:18 linatosha: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako." Kisha soma kifungu mara tatu au nne, na angalau mara moja usome kwa sauti, kwa sababu nyaraka za mitume ziliandikwa zikasomwe mbele ya kusanyiko, na sikio hunasa mambo ambayo jicho huyaruka. Halafu kinakili kifungu chote kwa mkono wako katika daftari. Mistari mitano hainakiliwi kwa muda mrefu, na mtu anayenakili hulazimika kupita juu ya kila neno.

Hatua ya 3: Kagua kinachosemwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayolipa kuliko zote. Hapa usitafute bado fundisho wala faraja. Andika unachokiona, hata kama kinaonekana cha wazi mno: nani anasema, anasema na nani, neno gani linarudiwa, wapi kuna amri, onyo, ahadi, swali au mfano. Pigia mstari viunganishi kama vile "maana", "lakini", "badala ya" na "basi", kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonyesha jinsi mwandishi anavyofunga wazo moja na jingine.

Tukifanya hivyo kwa kifungu chetu, jambo la kwanza linalojitokeza ni ukamilifu wa mpango wa wafanyabiashara wale. Wameshaamua siku ya kuondoka ("leo au kesho"), mahali pa kwenda ("mji fulani"), muda wa kukaa ("mwaka mzima"), shughuli watakayofanya ("biashara") na hata matokeo yake ("kupata faida"). Hakuna kilichosahauliwa isipokuwa Mungu, ambaye hatajwi popote katika maneno yao. Angalia pia kisichosemwa: Yakobo hasemi kwamba safari ni mbaya, wala biashara, wala faida. Msomaji mwenye haraka anaweza kutoka hapa akidhani kwamba kifungu kinakemea kuchuma mali, ilhali mwandishi hajafika huko.

Mstari wa 14 unaweka mbele yao mambo mawili tofauti. La kwanza ni kwamba hawajui yatakayokuwako kesho, la pili ni kwamba wao wenyewe ni "mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Mtu anaweza kukiri la kwanza kwa urahisi, kwa maana kila mwenye duka anajua kwamba soko hubadilika, huku akisahau la pili, kwamba hata mwenye duka hana hakika ya kuwapo. Ndiyo maana mpangilio wa mstari wa 15 unastahili kutazamwa kwa makini: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Kuwa hai kunatangulia kufanya. Wafanyabiashara wale waliuhesabu uhai kuwa mali yao tayari, wakaanza kupanga kuanzia hapo. Yakobo anaurudisha uhai wenyewe chini ya mapenzi ya Bwana kabla hajazungumzia shughuli yoyote.

Mstari wa 16 ndio unaoitaja dhambi kwa jina lake, nayo ni kujisifu kwa majivuno. Kisha unakuja mstari wa 17: "Basi yeye ajuaye kutenda mema, wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi." Mstari huu unashangaza. Mazungumzo yalikuwa ya "ninyi", sasa yamekuwa ya "yeye". Yalikuwa ya maneno ya kujivuna, sasa ni ya wema usiotendwa. Ukikutana na jambo la namna hii usilipe jibu la harakaharaka. Liandike kama swali pembeni ya ukurasa, kisha endelea.

Hatua ya 4: Soma kilicho kabla na kilicho baada

Soma sura nzima, na kama ni waraka mfupi, soma waraka wote. Yakobo una sura tano tu, nao husomeka kwa kikao kimoja. Mwandishi anajitambulisha katika 1:1 kama mtumwa wa Mungu na wa Bwana Yesu Kristo, akiwaandikia "kabila kumi na mbili waliotawanyika". Mapokeo ya kanisa yamemtambua kuwa Yakobo ndugu wa Bwana, yule anayetajwa katika Wagalatia 1:19 na anayeonekana akiongoza kanisa la Yerusalemu katika Matendo 15.

Muktadha wa karibu unatoa mwanga mkubwa. Katika 4:6 Yakobo ananukuu kwamba Mungu "huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu", na katika 4:10 anaamuru, "Jidhilini mbele za Bwana, naye atawakuza." Kwa hiyo kifungu chetu hakijaanguka kutoka mawinguni. Ni mfano wa jinsi kujikuza kunavyoonekana mtu anapokuwa mezani na hesabu zake, wala si lazima awe anamtukana Mungu. Inatosha kupanga kana kwamba hayupo. Mistari miwili inayotangulia kifungu, yaani 4:11–12, inakataza kumsingizia na kumhukumu ndugu, jambo ambalo tutalihitaji baadaye.

Upande wa pili, 5:1–6 inawashutumu matajiri waliozuia kwa hila ujira wa wakulima waliovuna mashamba yao. Hapa ndipo swali la mstari wa 17 linapoanza kufunguka. Mstari huo umekaa kati ya watu wanaopanga faida ya mwaka mzima na watu wanaokalia mshahara wa vibarua, na katika 2:15–16 Yakobo alishamtaja mtu anayemwambia ndugu aliyepungukiwa na riziki "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", asimpe kitu. Mimi nauelewa mstari wa 17 hivi: anayejua kwamba kesho si yake, kisha akaahirisha wema wa leo hadi faida ya kesho ipatikane, amerudia kosa lilelile la wafanyabiashara kwa njia nyingine, kwa maana naye anaitumia kesho kana kwamba ni yake. Wapo wanaouchukua mstari huo kuwa hitimisho la jumla la maonyo yote yaliyotangulia, na usomaji huo pia unakubaliana na maneno. Katika daftari lako andika maoni yako pamoja na sababu zinazotoka ndani ya waraka.

Hatua ya 5: Pima ufahamu wako kwa Maandiko mengine

Lengo la kulinganisha si kukusanya mistari mingi. Mitatu au minne iliyochaguliwa vizuri inatosha, na kazi yake ni mbili: kuthibitisha ulichokiona, na kukuzuia usivuke mpaka.

Kwa uthibitisho, Mithali 27:1 inasema, "Usijisifu kwa ajili ya kesho", na katika Luka 12:16–21 Bwana Yesu anasimulia habari za tajiri aliyepanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaambiwa, "usiku huu wa leo wanataka roho yako!" Kwa kizuizi, kumbuka kwamba Bwana huyohuyo katika Luka 14:28 anamsifu mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, na Mithali 16:9 inachukulia kwamba moyo wa mtu huifikiri njia yake huku Bwana akiziongoza hatua zake. Basi anayesema kwamba Yakobo anawakataza Wakristo kuweka akiba au kupanga bajeti anaifanya sehemu moja ya Biblia ipigane na nyingine.

Mtume Paulo anatusaidia zaidi. Alipoagana na watu wa Efeso alisema, "Nitarejea kwenu tena, Mungu akinijalia" (Matendo 18:21), na maneno ya namna hiyo yako katika 1 Wakorintho 4:19 na 16:7. Lakini katika Warumi 15:24 anaeleza mpango wake wa kusafiri kwenda Spania bila kuyataja maneno hayo katika sentensi hiyo. Alikuwa na mipango mingi, aliikubali ilipozuiliwa, na hakuyageuza maneno "Mungu akijalia" kuwa desturi ya kutamkwa kila mara. Sisi ambao huyasema maneno hayo mwishoni mwa kila ahadi, mara nyingine kama njia ya adabu ya kutoahidi lolote, tuna la kujifunza hapa. Mtu anaweza kusema "Bwana akipenda" mara kumi kwa siku na bado akawa amepanga kama wafanyabiashara wa mstari wa 13.

Hatua ya 6: Andika kiini kwa sentensi moja

Funga vitabu vya maelezo kama unavyo, kisha andika sentensi moja inayosema kifungu kinafundisha nini, bila kutumia neno "mimi". Kwa mfano: "Kupanga maisha kana kwamba uhai na kesho viko mikononi mwetu ni majivuno mbele za Mungu, na anayeujua ukweli huu anapaswa kutenda wema anaoujua sasa." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, rudi hatua ya 3; bado hujakielewa kifungu, na matumizi utakayoyatoa yatakuwa ya kubahatisha.

Hatua ya 7: Kilete kifungu maishani

Sasa swali la "mimi" limefika mahali pake. Anza kwa kujiuliza kama hali yako inafanana na ya wale walioandikiwa. Mfanano hautegemei kazi. Mwanafunzi anayepanga masomo, wachumba wanaopanga arusi na kamati ya kanisa inayopanga ujenzi wote wanaweza kuongea lugha ya mstari wa 13. Lakini yuko pia msomaji ambaye kesho yake inamtisha: mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, au mzazi asiyejua ada itatoka wapi. Kifungu hiki kiliandikwa kumshusha mwenye kiburi, na kukitwika juu ya mtu aliyekwisha kuinama ni ukatili, hata kama maneno yake ni ya kweli. Mtu huyo aanze na Mathayo 6:25–34, ambako habari za kesho zinasemwa kwa sauti ya kumtuliza.

Ukiona kwamba hali inafanana, fanya matumizi yako yawe na sifa tatu. Yatoke katika maneno ya kifungu hiki, si katika jambo ambalo ulikuwa umeshaamua kulifanya. Yawe yako, si ya jirani. Ukijikuta unamfikiria shemeji yako aliyenunua gari kwa majigambo, kumbuka 4:11–12, ambamo Yakobo amekwisha kuufunga mlango huo. Tena yawe kitendo chenye siku yake. "Nitakuwa mnyenyekevu zaidi" halifai kuandikwa, kwa sababu hakuna siku utakayoweza kusema kwamba umelifanya au hukulifanya.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayepanga kuacha kazi mwakani na kufungua duka. Amekwisha kupata fremu, amehesabu mtaji, na ameshawaambia wenzake kwamba baada ya miezi sita ya biashara watamwona na gari. Baada ya kujifunza kifungu hiki, ukurasa wake wa daftari unaweza kusomeka hivi:

"Jumatatu usiku: mimi na mke wangu tutauweka mpango wa duka mezani na kuuombea kipengele kwa kipengele, yaani tarehe, mahali, mtaji na faida, tukimwambia Bwana kwamba tuko tayari azuie chochote kati ya hivyo. Jumatano: nitaacha kuwatangazia wenzangu faida ambayo bado haipo, wakiuliza, nitawaambia ninachojua tu. Ijumaa: nitamlipa fundi aliyetengeneza rafu sehemu ya fedha yake iliyobaki, ambayo nilikuwa nimeamua ingoje hadi duka lianze kuuza."

Tazama jinsi kila siku inavyoshika mstari wake. Jumatatu inajibu mstari wa 15, Jumatano inajibu wa 16, na Ijumaa inajibu wa 17. Mwalimu hakuliacha duka, wala kifungu hakikumtaka aliache. Kilichobadilika ni namna anavyolishika, na fundi aliyepata fedha yake ni shahidi kwamba kuna kilichobadilika. Hapo ndipo linapoingia lile neno la Yakobo 1:22 kuhusu kuwa watendaji wa neno "wala si wasikiaji tu".

Mstari wa 17 peke yake unastahili kikao chake. Andika orodha fupi ya mema ambayo unajua wazi kwamba ungepaswa kuyatenda na umekuwa ukisema "nikipata nafasi": deni dogo, radhi ambayo hujaiomba, mgonjwa uliyeahidi kumtembelea, barua ya mapendekezo ambayo kijana anaisubiri. Chagua moja tu kwa wiki hii. Orodha ndefu huleta hatia nyingi na utendaji kidogo.

Ikitokea wiki ikaisha bila kutenda, usifungue ukurasa mpya kimyakimya. Tubu, ukikumbuka kwamba 4:6 inasema Mungu "hutujalia sisi neema iliyozidi", kisha andika upya kitendo kilekile na siku nyingine.

Hatua ya 8: Kaa nacho wiki nzima

Siku mbili za kwanza zitoe kwa hatua ya 1 hadi ya 6, na zilizobaki zitoe kwa kutenda na kukumbuka. Kariri mstari mmoja, ule unaobeba uzito wa kifungu. Kwa kifungu hiki ningechagua wa 15, kwa kuwa unaweza kuutumia kama sala kila unapofungua kalenda. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kitendo ulichoandika, na umwombe akuulize siku fulani kama umekifanya.

Mkijifunza katika kikundi cha nyumbani, kiongozi asianze kwa kuuliza "Mstari gani umekugusa?", kwa sababu swali hilo huwarusha watu moja kwa moja hadi hatua ya 7. Aanze kwa kuuliza wafanyabiashara wale walipanga nini hasa, awaache washiriki wavitaje vile vitu vitano mmoja mmoja, kisha anyamaze kidogo hadi mtu mwenyewe agundue ni nani hayumo. Sehemu ya kushirikishana matumizi iwe ya hiari, na yanayosemwa yabaki humo, hasa yanapohusu fedha.

Mwisho wa wiki, kabla ya kuchagua kifungu kipya, rudi kwenye maswali uliyoyaandika pembeni, uone ni yapi yamejibiwa na yapi ungependa kumpelekea mchungaji au mwalimu wako. Kisha endelea na kifungu kinachofuata katika kitabu kilekile, ambacho hapa ni Yakobo 5:1–6, kwa maana msomaji anayefuata waraka kwa mpangilio hukutana pia na vifungu ambavyo asingevichagua mwenyewe.